Gari la Zamani: Kwa Nini Hatukuliuza



Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, alitujia mtu mlangoni na fedha taslimu, akitaka kulinunua gari letu. Ni Morris Minor ya mwaka 1967, ya kijivu, yenye milango miwili. Kijana wetu alikuwapo, naye alishauri tuliuze. "Baba," alisema, "gari hili halina mifuko ya hewa wala breki za kisasa, na wewe mgongo unakusumbua. Siku utakapolala chini yake ukashindwa kuinuka, nani atakuinua?" Hoja ilikuwa nzito. Tulimwomba mgeni atupe wiki moja ya kufikiri. Tunayaandika haya kwa kuwa twajua zimo nyumba nyingine katika jamii yetu zenye mjadala kama huo, pengine juu ya Peugeot au Mercedes ya marehemu mzee.

Kwanza tulieleze gari lenyewe. Morris Minor ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, katika maonesho ya magari ya Earls Court, London. Kiwanda chake kilikuwa Cowley, Oxford. Aliyeibuni ni Alec Issigonis, mtu aliyezaliwa Izmir mwaka 1906, wakati mji huo ulipokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Vita vilipoufikia mji huo mwaka 1922, familia yake iliondoka kwa meli hadi Malta. Baba yake akafariki, na kijana na mama yake wakaja kuanza maisha Uingereza. Basi gari ambalo wenyeji wa hapa hulihesabu kuwa la Kiingereza kuliko yote, lilichorwa na mtu aliyefika nchi hii akiwa mkimbizi.

Yasemwa kuwa kabla kiwanda hakijaanza kazi, Issigonis alilitazama gari lake la majaribio akaliona jembamba. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu, na nusu mbili zitenganishwe mpaka umbo limridhishe. Ziliongezeka inchi 4. Lakini bampa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, kwa hiyo magari ya mwanzo yalitoka na bampa zilizokatwa na kuungwa kwa kipande cha chuma katikati. Pamoja na kiraka hicho, ndilo gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja, na hadi lilipoachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 1.6.

Sisi tulilijua tukiwa wadogo Mombasa, kwa kuwa ami yetu alikuwa nalo. Lake lilikuwa la kabla ya mwaka 1961, lisilo na taa za kumetameta za kuonesha upande. Badala yake, kijikono chenye taa kilichomoza kutoka ubavuni, nyuma ya mlango. Tulikiita "sikio". Ami alipokata kona, tulikimbia nyuma yake ili tulione sikio likiinuka. Kwa hiyo hatukatai kwamba sehemu ya mapenzi yetu ni kumbukumbu tu. Lakini kumbukumbu peke yake haiwezi kumlaza mtu wa umri wetu juu ya saruji baridi mwezi wa Januari. Iko sababu nyingine.

Sababu hiyo utaiona ukifunua boneti. Injini ni ndogo, ya sentimita za ujazo 1098, na pembeni yake imebaki nafasi ya kutosha mikono miwili. Kabureta ile pale, betri ile pale, radieta ile pale. Gari likikataa kuwaka, sababu huwa chache, na kila moja yaweza kutafutwa kwa zamu: je, petroli inafika? Je, plagi zinatoa cheche? Mwenye spana, bisibisi na subira atalipata tatizo. Na betri ikifa kabisa, upo mkono wa chuma wa kuizungusha injini kwa nguvu za mwili.

Gari letu la pili ni la kisasa, na twakiri kwamba ni zuri: lina joto, ni kimya, na hutufikisha mbali bila kuchoka. Mwaka juzi liliwasha taa ndogo ya manjano. Tulifunua boneti tukakuta kifuniko cha plastiki. Tulilipeleka gereji, wakaliunganisha na kompyuta, wakatutoza fedha nyingi kwa kubadilisha kifaa kidogo kuliko kidole gumba. Tulipouliza kifaa hicho kinafanya kazi gani, fundi alijibu kwa adabu kwamba kompyuta ndiyo iliyosema kibadilishwe. Tulirudi nyumbani tukiwa na gari zima, na hatukujifunza kitu. Gari la kisasa humtumikia mwenyewe vizuri lakini humficha siri zake. La zamani humsumbua, na kwa kumsumbua humfundisha.

Na halikutufundisha sisi peke yetu. Mjukuu wetu mkubwa ana miaka 14. Tangu alipoanza shule, kila tulipomsemesha Kiswahili alitujibu kwa Kiingereza. Hatukumgombeza, ila ilituuma, kwani tumefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi na wa kwetu akatuponyoka. Jumamosi moja alitoka kutushikia tochi. Mtu aliyelala chini ya gari hana wakati wa kutafsiri, tulisema tu, "Nipe spana ya kumi na tatu. Siyo hiyo, iliyo kushoto. Kaza. Legeza kidogo. Basi." Naye alifuata. Baada ya miezi michache akaanza kuuliza mwenyewe: "Babu, hii imelegea?" Masomo ya mezani, pamoja na vitabu vyote tulivyoagiza kutoka nyumbani, hayakuwahi kutupatia swali hilo.

Hata hivyo, hoja ya kijana wetu haikufutika, na haki lazima isemwe. Gari hili lina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na husimama kwa umbali mrefu kuliko magari ya leo. Mikanda iko mbele tu. Ajali ambayo mtu katika gari la kisasa angetoka akitembea, humu yaweza kuua. Kwa hiyo tumejiwekea masharti: wajukuu wadogo hawapandi kabisa, barabara kuu za mwendo kasi hatuzipiti, na usiku halitoki.

Kwa anayefikiria kununua, tunashauri haya. Atazame kutu chini ya sakafu kabla ya kutazama rangi. Viungo vya magurudumu ya mbele vipakwe grisi kwa wakati, kwani vikikauka huchakaa mpaka gurudumu likaporomoka. Hapa ndipo asiyeziba ufa hujenga ukuta. Petroli ya kawaida ya Uingereza tangu Septemba 2021 yaweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo hudhuru mipira ya zamani. Bora anunue ile ya daraja la juu yenye kiasi kidogo. Na ingawa tangu Mei 2018 gari lililopita miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki kupimwa kila mwaka, sisi la kwetu hulipeleka kupimwa. Sheria imetusamehe, lakini breki hazijui habari za msamaha.

Wiki ilipokwisha, yule mgeni alirudi na fedha zake. Tulimkaribisha chai, tukamwambia kuwa wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kijana wetu alitikisa kichwa, kisha akatoa sharti lake: kuanzia siku ile, kulala chini ya gari ni kazi yake na mwanawe, na sisi tuketi kwenye kiti tukielekeza. Tulikubali.

Tunalo daftari la matengenezo tuliloliandika wenyewe kwa miaka mingi. Mwezi uliopita tulilifungua tukakuta mstari ambao mwandiko wake si wetu: "Grisi mbele, kulia na kushoto. Oili imebadilisha." Kosa la sarufi tumeliona. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze ualimu, hatukuchukua kalamu nyekundu.