Je, Wajua Kidonge Kisicho na Dawa Nacho Huumiza Misuli?

Wanaotumia statini, yaani dawa za kushusha lehemu, malalamiko yao hufanana: mapaja yanauma, mabega yamekaza, ngazi za ghorofani zimekuwa mlima. Wengi huziacha kimyakimya, daktari hana habari.

Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitangaza matokeo ya jaribio la watu 60 ambao tayari walikuwa wameziacha kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa 12, moja kwa kila mwezi: nne zenye atorvastatini ya miligramu 20, nne zenye vidonge bandia visivyo na dawa, na nne tupu. Zilichanganywa, na aliyekuwa akimeza hakujua anameza kipi. Kila siku alijipima kwenye simu yake, kuanzia 0 hadi 100, maudhi yamemfikia kiasi gani.

Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8. Miezi ya dawa ukapanda hadi 16.3. Hapo ungesema dawa ina kesi ya kujibu, ila miezi ya kidonge bandia nayo ilifika 15.4! Na walipoacha hicho bandia, walipata nafuu vilevile kama walipoacha dawa. Walipoonyeshwa takwimu zao wenyewe, nusu yao walirudia statini.

Mtu asije akawaambia wagonjwa hawa wanajisingizia. Maumivu wanayasikia kwelikweli. Mwili uliokwishaonywa kwamba utaumia huumia, na umri nao una viungo vyake vya kuuma. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27.1 ya waliopewa statini walilalamikia misuli, na asilimia 26.6 ya waliopewa kidonge bandia.

Hata hivyo dawa hizi si maji. Huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea lehemu, na mara chache sana misuli humomonyoka kweli. Serivastatini iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa ajili hiyo. Hatari huongezeka dawa zikigongana, kwa mfano simvastatini na klarithromisini, kwa hiyo mtajie mfamasia kila unachomeza. Misuli ikilegea na mkojo ukawa kama chai ya rangi, usingoje kesho: nenda hospitali upimwe damu.