Kodi Itakusanywa na Nani?

Matangazo ya nyumba za kupangisha yana sarufi yake. "Nyumba iko tayari, mpangaji yumo ndani. Kodi itakusanywa, marekebisho yatafanywa, fedha zitatumwa popote ulipo." Vitenzi hivyo vitatu vimo katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata kimoja kinachofuatwa na mtenda. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kwamba kauli hiyo huruhusu mtenda afichwe. Mnunuzi aliye mbali hana budi kumdai.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwalimu mmoja niliyemfundisha chuoni, ambaye sasa yuko Lodwar, anakusudia kununua nyumba katika jumba la ghorofa huko Ruiru, asiyowahi kuiona. Bei ni shilingi 4,000,000, na nusu yake ni mkopo wa chama cha ushirika. Kodi ni 25,000 kwa mwezi. Tangazo linazidisha kwa 12, linapata 300,000 na kuziita "faida". Lakini riba ya asilimia 12 katika mwaka wa kwanza hukaribia 240,000. Serikali nayo, tangu Januari 2024, hutoza asilimia 7.5 ya pato lote la nyumba kabla ya kuondoa gharama yoyote, yaani 22,500. (Kiswahili kimeyapa malipo yote mawili jina moja, kodi, yamkini kwa busara.) Hubaki kama 37,500, na hapo mpangaji hajahama, bomba halijapasuka, wala wakala hajachukua chake.

Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo humwezesha mwenye nyumba moja ghorofani kupata hati yake mwenyewe, na huwaunganisha wenye nyumba wote katika shirika la kusimamia paa, ngazi na njia. Je, hati hiyo ipo, na ni ya nani? Wakili wa mwalimu, si wa muuzaji, aitafute katika masjala ya ardhi. Tena, mkusanyaji kodi akiwa ndiye aliyeuza, nani atakagua hesabu zake? Na huyo mpangaji aliyemo ana mkataba, au amewekwa tu hadi mauzo yakamilike?

Nilimshauri mwalimu amwandikie muuzaji maswali hayo na kutaka majina. Alijibiwa upesi, tena kwa adabu: barua yake imepokelewa, na suala lake linashughulikiwa.