Nauli ya Dozi

Familia nyingi huanza kwa kufuli. Kijana anayekula unga, yaani heroini, hufungiwa chumbani, uji akapitishiwa dirishani, arosto ikamtesa: kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupaa. Wiki moja hivi ikipita anapata nafuu, anasomewa dua, mtaa unaambiwa ameacha. Hapo ndipo penye hatari kuliko pote. Mwili umeshapoteza uzoefu wa unga, hamu ingalipo. Akirudi maskani akajidunga kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika.

Tiba ipo. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Ni dawa ya maji, hutolewa bure, na mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, ndiyo maana teja hushinda akisaka kete. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi, ikazuia arosto bila kumpa ile stimu. Wapo wanaosema huko ni kuhama ulevi mmoja kwenda mwingine. Sikubaliani nao: anayeacha sindano amejiepusha pia na VVU na homa ya ini, na anaweza kushika kazi. Dozi huanza ndogo, ikapandishwa polepole. Mgonjwa akiichanganya na pombe au valiamu, inaweza kumuua.

Mtu wa Kibaha aanzie Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Wa Kisarawe mjini, njia ya Pugu humfikisha Dar es Salaam, ziliko hospitali zile tatu. Asiyejua aanze na nani apige 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Lakini dawa ya bure ina nauli. Kliniki ni ya kila siku, kwa miezi, pengine miaka, na anayetoka Maneromango, huko Kisarawe vijijini, anaanza safari akiwa hana kipato. Fedha ambayo ukoo ungechangia kumpeleka kwa mganga ingemlipia daladala muda mrefu. Afadhali ndugu mmoja akabidhiwe nauli hiyo na amsindikize mwanzoni.

Wengine huchagua soba, nyumba za kuishi bila unga pamoja na wenzao walioacha. Zinawafaa wengi. Kabla ya kulipa, uliza kama mkazi anaruhusiwa kuendelea na methadoni, na usiku mtu akizimia nani atampeleka hospitali.