Mwombaji wa kazi ya usanifu wa ndani aandike nini?

Vijana waliohitimu kozi ya usanifu wa ndani ya nyumba hutoka mitaa kama Bombolulu, bahasha mkononi, wakabisha milango ya karakana za samani, ya hoteli za pwani ya kaskazini na ya ofisi za wasanifu majengo kule jirani Nyali. Aghalabu hurudi vivyo hivyo walivyokwenda. Tunalaumu uhaba wa kazi, na waama uhaba upo. Hata hivyo, mimi ambaye kazi yangu ni lugha nimezisoma barua zao si haba, nami naona lipo jambo ambalo sisi walimu hatuna budi kulijibia.

Barua ya kuomba kazi hufunzwa katika shule zetu za upili, na mtihani wa KCSE umewahi kuitahini. Mwanafunzi anajua anwani zikae wapi, na kwamba MINTARAFU hupigiwa mstari. Akishavuka hapo, huachwa jangwani. Hujaza ukurasa kwa sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii, mbunifu. Sifa hizo hizo angezitumia mwombaji wa kazi ya ulinzi bila kubadili hata nukta. Kuiandika barua hiyo kwa Kiingereza, kama matangazo mengi yanavyotaka, hakuongezi kitu. Utupu ni ule ule.

Kosa jingine ni la istilahi. Mtaani kazi hii huitwa upambaji, na mwajiri akisikia hivyo huwaza maua na vitambaa vya arusi. Kupamba ni kuongeza uzuri juu ya kitu kilichokwisha kuwapo. Kusanifu ni kuamua kitu hicho kiweje tangu mwanzo. (Wanaodhani Kiswahili sanifu hakihusiani na nyumba, mzizi ni mmoja.)

Tofauti hiyo wazee wetu waliijua vyema. Tazama nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mgeni hupokewa dakani. Kisha huja kiwanda, yaani ua, halafu misana, hata kufikia chumba cha faragha kiitwacho, kwa jina lake hasa, ndani. Huko ukutani mna zidaka, au vidaka kwa lahaja za huku kusini, vilivyofinyangwa kwa chokaa ili kuwekea vyombo vya kaure. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari: mita 2.5 hadi 3 hivi. Zana, mwanga, faragha na mapito ya watu vyote vilipigiwa hesabu. Kijana wa Pwani anayeomba kazi hii ana msamiati huo mlangoni pake, lakini barua yake haiutaji.

Basi aandike nini? Aandike alichokifanya, kwa majina na vipimo. Tuseme ameipima sebule ya shangazi yake, mita 3 kwa 4, akaona kabati limeziba dirisha, akalihamisha, akashona pazia jepesi, akahesabu gharama yote. Aseme hivyo kwa sentensi tatu, aambatishe ramani aliyoichora na picha za kabla na baada. Hiyo ni tajriba, hata kama hakulipwa senti. Tena asidharau kujifunza mbao na nguo kwa wanaozishika. Hapo hapo Bombolulu pana karakana zilizoanzishwa mwaka 1969, ambamo watu wenye ulemavu wamekuwa wakichonga mbao, wakitengeneza nguo na vito. Atakayeuliza maswali mazuri mahali kama hapo atajua kwa nini mwarobaini hupendwa na wachongaji, na atakuwa na la kusema mbele ya mwajiri.

Waajiri nao wasijifiche. Tangazo linalomtaka "anayeanza" mwenye tajriba ya miaka 3 linajipinga lenyewe. Na mtarajali ambaye mchoro wake umeuzwa kwa mteja amefanya kazi, alipwe.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Muhula ujao, kabla ya kuwaandikisha wanafunzi barua hiyo, wapeni futi ya kupimia, walipime darasa lenyewe, wahesabu madawati na madirisha, wapendekeze mpangilio mwingine. Kisha ndipo waanze na anwani.