Somo la Radio: Mfalme Haamini kwa Ajili Yetu



Katika somo hili twataka kujibu swali moja linalofaa kuulizwa katika kila kijiji: Mwami akibatizwa, je, watu wake wamekwisha kuwa Wakristu? Na mwami akiiacha dini, je, watu wake waiache pamoja naye?

Swali hili si jipya. Liliulizwa Uingereza zaidi ya miaka 1400 iliyopita. Liliulizwa tena Buganda, upande wa pili wa milima ya Ruwenzori, katika siku za babu wa babu zetu. Na hapa kwetu pia lilipata jibu lake. Tusikilize habari hizi moja baada ya nyingine.

WAFALME WA UINGEREZA

Hapo kale nchi ya Uingereza haikuwa na mfalme mmoja. Waanglo-Saksoni, ambao ni wazee wa Waingereza, walikuwa na falme ndogo ndogo, nao waliabudu miungu mingi. Mwaka 596 Papa Gregori Mkuu aliwatuma watawa kutoka Roma, na mkubwa wao aliitwa Augustino. Huyu si yule Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika, aliyekufa mwaka 430. Njiani watawa hao waliingiwa na hofu, wakataka kurudi. Papa akawaandikia barua ya kuwatia moyo.

Mwaka 597 walifika katika ufalme wa Kent, kwa mfalme Ethelbert. Mkewe Bertha alikuwa Mkristu tayari. Mfalme aliwapokea nje, mahali pa wazi, kwa maana alichelea kurogwa akikutana nao ndani ya nyumba. Akawasikiliza, akawapa makao katika mji wa Canterbury na ruhusa ya kuhubiri. Baadaye akabatizwa mwenyewe, na watu wengi wakamfuata.

Mtawa Beda, aliyemaliza kuandika habari hizi mwaka 731, atueleza kwamba Ethelbert hakumlazimisha mtu kubatizwa, ila aliwapenda zaidi wale walioamini. Hapo, ndugu, ndipo hatari ilipojificha. Maana mwenye kumtafuta Mungu huja kanisani, na mwenye kutafuta upendeleo wa mfalme huja pia. Wote wawili huinamisha kichwa chini ya maji yale yale.

Ethelbert akafa mwaka 616. Mwanawe Eadbald alikuwa ameikataa imani, tena akamwoa mjane wa baba yake. Mara wale waliobatizwa kwa kumwogopa mfalme mzee, au kwa kumpendeza, wakarudia miungu yao. Maaskofu wawili, Mellitus na Justus, wakakimbia ng'ambo ya bahari. Baadaye Eadbald aliongoka, lakini kwanza ilionekana wazi ni nani aliyekuwa na mizizi na nani aliyekuwa jani tu.

Katika upande wa mashariki alikuwako mfalme Redwald. Yeye alibatizwa, kisha akaweka katika hekalu lake altare ya Kristu na altare ya miungu, zikae pamoja. Wazee husema: Njia mbili zilimshinda fisi.

Tena kaskazini mfalme Edwin alibatizwa mwaka 627 na Askofu Paulinus, na watu wengi sana wakabatizwa baada yake. Mwaka 633 Edwin akauawa vitani, na waliotawala baada yake wakaiacha imani. Askofu akaondoka kumpeleka malkia mahali pa salama. Je, nani alibaki? Alibaki shemasi mmoja, jina lake Yakobo. Hakuwa na mfalme wa kumlinda, wala askofu wa kumwongoza. Akaendelea kufundisha na kubatiza.

Hata hivyo tusidhani ya kuwa mfalme hawezi kuisaidia Injili. Mwaka 634 Oswald alipata ufalme huo wa kaskazini, akaomba mhubiri, akaletewa mtawa Aidan kutoka kisiwa cha Iona. Aidan hakuijua vema lugha ya wenyeji, lakini Oswald aliijua lugha ya Aidan, kwa sababu alikulia uhamishoni kwa watu wake. Basi Aidan alipohubiri, mfalme mwenyewe alikuwa mkalimani wake mbele ya wakubwa wa nchi. Tazameni kazi njema ya mtawala: alilifikisha neno masikioni pa watu. Kuliingiza moyoni hakukuwa katika uwezo wake.

MAKABAKA WA BUGANDA

Sasa tuvuke Ruwenzori. Tarehe 17 Februari 1879 Padri Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadri Weupe, walifika Buganda kwa mtumbwi. Watu walimwita Padri Lourdel kwa jina la Mapera. Kabaka Mutesa alikuwa amekwisha wasikiliza Waislamu, na pia wahubiri Waanglikana waliofika mwaka 1877. Aliwasikiliza wote, lakini alipima pia ni nani atakayemfaa juu ya adui zake. Akafa mwaka 1884 bila kubatizwa.

Hapa twaona tofauti kubwa. Uingereza mfalme alitangulia na watu wakafuata. Buganda watu wadogo walitangulia: vijana watumishi wa ikulu, askari, mafundi. Wa kwanza walibatizwa mwezi Machi 1880. Mwishoni mwa 1882 mapadri walilazimika kuondoka, wakakaa kusini ya ziwa hata mwaka 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na padri wala Misa. Je, imani ilikufa? La, hasha! Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa na Matia Mulumba waliwafundisha jirani zao. Mapadri waliporudi walikuta Wakristu wameongezeka. Hao walikuwa ndugu wa yule shemasi Yakobo, ingawa hawakuwa wamepewa daraja lolote.

Kabaka mpya, Mwanga, aliwaogopa wageni, tena alikasirika kwa sababu vijana Wakristu walikataa kutenda naye uchafu. Oktoba 1885 Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa kwa amri yake. Yosefu Mukasa akamwonya Kabaka juu ya damu hiyo, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga akashika mahali pake. Mwezi Mei 1886, hukumu ilipokaribia, Karoli aliwabatiza usiku vijana waliokuwa bado wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto huko Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Wakatoliki waliouawa kwa ajili ya imani tangu 1885 hata 1887 walikuwa 22, na Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Vijana hao hawakumchukia mfalme wao. Walimtumikia kwa uaminifu katika kila jambo la haki. Walimnyima kitu kimoja tu, nacho hakikuwa mali yake: dhamiri zao.

Na Mwanga je? Alipinduliwa mwaka 1888, akarudishwa mwaka uliofuata kwa msaada wa Wakristu wale wale. Mwisho alipelekwa uhamishoni katika visiwa vya Seychelles, akabatizwa huko na Waanglikana, akafa mwaka 1903. Mfalme alikuja nyuma ya watumishi wake.

Lakini tuseme kweli yote. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita kwa ajili ya utawala wa nchi. Moto wa Namugongo uliwaunganisha. Kiti cha enzi kikawafarakanisha. Basi Mkristu ajihadhari na mfalme anayemtesa, na ajihadhari pia na tamaa ya kuushika ufalme mwenyewe.

ASKOFU WA KWETU

Mapadri Waasumsioni walifika Beni mwaka 1929. Mwaka 1966 mtoto wa nchi yetu, Emmanuel Kataliko, alifanywa askofu wetu, akatuongoza kwa miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1997 akatumwa Bukavu kuwa Askofu Mkuu. Huko wakati wa vita aliandika barua ya Noeli ya mwaka 1999, akitetea watu walioonewa na kunyang'anywa mali. Wakuu wa RCD waliotawala Bukavu wakakasirika. Mwezi Februari 2000 wakamzuia kurudi jimboni mwake, akakaa uhamishoni Butembo muda wa miezi saba. Alirudi Bukavu Septemba, akafa Italia tarehe 4 Oktoba 2000.

Wenye silaha walimwondoa askofu, lakini hawakuiondoa imani ya watu wa Bukavu. Watu waliendelea kumwombea na kumdai mchungaji wao.

TUFANYE NINI?

Basi, ndugu, mwami akitufungulia mlango, tumshukuru. Akitenda haki, tumtii. Akikosa, tumwonye bila matusi na kumwombea. Akiufunga mlango, katekista asifunge kitabu chake, na wazazi wasiache kusali na watoto wao. Na kila mmoja wetu ajiulize usiku, taa ikiisha kuzimwa: Je, kesho mkubwa akisema dini hii si kitu, na shule ikafungwa, na padri asije tena, mimi ningali Mkristu? Jibu la swali hilo ndilo kipimo cha ubatizo wetu.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Kwa nini Wakristu wengi wa Kent walirudi nyuma baada ya mwaka 616?
Jibu: Kwa sababu walimfuata mfalme, hawakumfuata Kristu.

Swali: Nani waliilinda imani Buganda mapadri walipokuwa mbali?
Jibu: Waamini wenyewe, waliofundisha wenzao.

Swali: Mtawala mwema aweza kutufanyia nini, naye hawezi nini?
Jibu: Aweza kutufungulia njia ya kusikia neno la Mungu. Hawezi kuamini kwa ajili yetu.