Ampli ya lampe: kuichomoa haitoshi

Ndugu wachimbaji, kati yetu wapiga gitaa ni wengi. Mtu anarudi toka shimoni Jumamosi, kesho yake yuko na kwaya. Na mara moja moja kunatokea ampli ya zamani ya lampe za kioo, Fender ya Marekani ama Vox ya Uingereza, za miaka ya 1950 na 1960. Nzito, imelala miaka mingi, haitoi sauti. Kijana anachukua turnavisi anasema: «Nimeichomoa, haiko na courant tena.»

Kumbe iko nayo. Ndani kuko kondensa kubwa zinazobeba volti 300 hadi 500, na zinaweza kuzitunza hata kisha kuchomoa. Ni kama maji yaliyojaa katika galeri ya zamani: pompe imezima, lakini ukitoboa ukuta yanakumiminikia. Kazini tunadai kila siku: kata, funga, pima, ndipo uguse. Hapa ni vile vile. Chomoa, na plagi ikae mbele ya macho yako, mtoto asiirudishe. Umeme wa kondensa uutoe polepole kupitia rezistansi ya ohm 10,000, wati 5, yenye waya zilizofunikwa vizuri: ncha moja kwenye chasi, nyingine kwenye mguu wa chanya wa kondensa. Sio kwa turnavisi, ile inapiga cheche. Mkono mmoja mfukoni, umeme usipite kifuani. Pima kwa multimetre, ngojea kidogo, pima tena, juu volti zinaweza kurudi. Huna multimetre? Basi usifungue.

(Koltani yetu ya Rubaya inaingia katika kondensa ndogondogo za simu. Hizi za ampli ni za aluminiamu, zinakauka zikizeeka, na ndizo za kwanza kubadilishwa.)

Angalia sasa waya wa plagi. Ampli nyingi za Marekani zilikuwa na waya mbili tu, na kondensa moja iliyounganisha umeme wa ukutani na chasi. Ikiharibika, nyuzi za gitaa zinapata umeme. Mwimbaji akigusa mikrofoni, anapigwa. Itolewe, uweke waya tatu, wa tatu ukiwa wa ardhi. Lakini hapa Goma ardhi yenyewe ni shida: mitaa mingi imekaa juu ya lava ya Nyiragongo, ya 2002 na ya zamani, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Fundi aipime. Weka pia disjoncteur différentiel ya miliampea 30, ukijua haikukingi na zile kondensa za ndani.

Ampli ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha 220 zetu. Siku ya kwanza, iwashe kupitia ampule ya zamani ya uzi, wati 60 ama 100, iliyofungwa kwa mfuatano kwenye waya mmoja wa umeme. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuko short: zima. Na spika iwe imeunganishwa, la sivyo transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na kuipata nyingine ni kazi.