Akili Inapohama: Athari za Mawazo Yanayotangatanga katika Kufikiri na Kutenda

Mawazo hutangatanga pale akili ya mtu inapoiacha kazi iliyo mbele yake na kushughulikia mambo mengine, kama vile deni linalomsumbua, maneno aliyoambiwa jana au safari anayoitarajia, ilhali macho na mikono yake vinaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hali hii, ambayo wengi huichukulia kuwa ni uzembe wa mtu binafsi, ilifanyiwa utafiti wa mfululizo na mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Singer, tangu miaka ya 1960, na baada ya Jonathan Smallwood na Jonathan Schooler kuchapisha mapitio yao mwaka 2006, ikawa mojawapo ya mada zinazochunguzwa kwa bidii katika saikolojia. Tafiti hizo zinaonyesha kwamba kuhama kwa akili ni sehemu ya kawaida ya utendaji wa ubongo, na kwamba madhara yake hutegemea zaidi mambo mawili: uzito wa kazi inayofanywa, na iwapo mhusika anatambua kwamba mawazo yake yameondoka.

Ukubwa wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2010, pale Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walipochapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti uliotumia programu ya simu kuwauliza watu, katika nyakati wasizozitarajia, walikuwa wakifanya nini, wakiwaza nini na wakijisikiaje. Miongoni mwa watu wazima 2,250 walioshiriki, akili ilikuwa mbali na shughuli iliyokuwa ikifanyika katika asilimia 46.9 ya majibu, na takriban katika kila aina ya shughuli kiwango hicho hakikushuka chini ya asilimia 30. Isitoshe, washiriki walikuwa na furaha ndogo zaidi mawazo yao yalipokuwa mbali, na hata walipowaza mambo ya kupendeza, furaha yao haikuizidi ile waliyokuwa nayo akili ilipotulia kwenye jambo walilokuwa wakilifanya.

Wepesi huu wa akili kuhama unatokana na jinsi ubongo wenyewe unavyofanya kazi. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake hata mtu anapokuwa amepumzika. Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis walieleza kwamba baadhi ya maeneo ya ubongo hupunguza shughuli zake mtu anapoanza kazi inayodai umakini, na huziongeza anapoiacha. Maeneo hayo, ambayo kwa pamoja yanaweza kuitwa mtandao wa hali ya msingi, hushiriki katika kukumbuka yaliyopita, kuwaza yajayo na kujitafakari. Mwaka 2009, Kalina Christoff na wenzake walichunguza picha za ubongo wa watu waliokuwa wakifanya kazi yenye kuchosha, wakaona kwamba mawazo yanapohama, mtandao huo huamka sambamba na maeneo ya udhibiti, yaani yale yanayotumika katika kupanga na kutatua matatizo. Kwa hiyo akili iliyohama haijapumzika, bali inafanya kazi nyingine kwa kutumia uwezo uleule ambao kazi ya kwanza ingeuhitaji.

Gharama ya mgawanyo huo huonekana wazi katika jaribio lililobuniwa na Ian Robertson na wenzake mwaka 1997. Mshiriki huketi mbele ya kompyuta inayomwonyesha tarakimu kuanzia 1 hadi 9, moja baada ya nyingine bila mpangilio, naye hutakiwa kubonyeza kitufe kwa kila tarakimu isipokuwa 3. Jaribio hilo ni rahisi kiasi kwamba baada ya muda mfupi kidole huzoea kubonyeza chenyewe, na hapo ndipo makosa huanza: kasi ya kubonyeza huongezeka, tarakimu 3 hutokea, na kitufe hubonyezwa kabla mhusika hajajizuia. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanyika katika kazi za aina hii vimeonyesha kwamba mawazo yanapokuwa mbali, ubongo huitikia kwa unyonge zaidi mambo yanayotokea mbele ya macho. Jicho huwa limeona, lakini kilichoonekana hakichakatwi kikamilifu.

Katika usomaji, hali hiyo huharibu uelewa. Erik Reichle na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti ambao ndani yake wasomaji wachache walisoma riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility, huku mwendo wa macho yao ukirekodiwa. Katika usomaji wa kawaida, jicho hukawia kwenye neno adimu na kulipita haraka neno linalozoeleka, lakini akili ilipohama, macho yaliendelea kusogea mstari kwa mstari yakitua kwa muda mrefu zaidi, na tofauti hiyo kati ya maneno ikafifia. Msomaji wa namna hiyo anaweza kufika mwisho wa ukurasa akiwa hana habari ya alichokisoma, na kwa kuwa maana ya sura moja hujengwa juu ya ile iliyotangulia, pengo dogo la mwanzoni huendelea kumponza hadi mbele.

Barabarani, pengo kama hilo linaweza kugharimu maisha. Nchini Ufaransa, watafiti wakiongozwa na Cédric Galéra waliwahoji madereva 955 waliojeruhiwa katika ajali na kufikishwa katika idara ya dharura ya hospitali mjini Bordeaux, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Miongoni mwa madereva waliobainika kuwa ndio waliosababisha ajali, asilimia 17 walikuwa wamezama katika mawazo mazito muda mfupi kabla ya tukio, ikilinganishwa na asilimia 9 ya wale ambao hawakuwa na hatia. Utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba mawazo ndiyo yaliyosababisha ajali, lakini unatosha kuonyesha kwamba dereva anaweza kuwa hatarini hata pasipo simu mkononi wala kilevi kichwani.

Hata hivyo, si haki kuiona hali hii kuwa ni hasara tupu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mawazo yanayohama huelekea kwenye mambo yajayo, na kwa njia hiyo humsaidia mtu kupanga maisha yake. Mwaka 2012, Benjamin Baird na wenzake waliripoti kwamba watu waliopewa kazi nyepesi katikati ya zoezi la ubunifu, hivyo mawazo yao yakapata nafasi ya kutangatanga, walirudi na majibu mapya zaidi kwa maswali waliyokwisha kukutana nayo, ingawa baadhi ya tafiti za baadaye hazikupata matokeo hayohayo. Kuosha vyombo au kutembea kwenye njia iliyozoeleka kunaivumilia akili iliyo mbali, tofauti na kupima dawa au kuvuka makutano ya barabara.

Linalobaki ni suala la kujitambua. Michael Sayette na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba wasomaji waliokunywa pombe kwa kiasi walipotewa na mawazo mara nyingi zaidi, na wakati huohuo uwezo wao wa kujigundua ulipungua. Kwa upande mwingine, kujitambua kunaweza kufundishwa: Michael Mrazek na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba mafunzo ya wiki mbili ya kuirejesha akili kwenye pumzi na kwenye jambo lililopo yalipunguza kutangatanga kwa mawazo ya wanafunzi wa chuo na kuinua alama zao za ufahamu wa kusoma. Mwaka huohuo, Karl Szpunar na wenzake waligundua kwamba kuingiza maswali mafupi katikati ya mhadhara wa video kulipunguza kuhama kwa akili kwa takriban nusu.

Matokeo hayo yanawahusu walimu, waajiri na madereva kwa pamoja. Mwalimu na amkatishe mwanafunzi kwa swali kabla akili haijaenda mbali, mwajiri na apange mapumziko katika kazi za kurudiarudia, na dereva mwenye jambo zito moyoni na asimamishe gari kando ya barabara mpaka atulie, kwa sababu akili itahama tu, na mwenye kuiwahi ndiye anayeepuka madhara yake.